Kwa vijana wapya wa CSR (uwajibikaji wa kampuni kwa jamii), kabla hamjachapisha ile hundi kubwa

Wadogo zangu, mwaka huu tena nimepitishiwa mpango kazi ambao siku ya makabidhiano imetengewa fedha nyingi kuliko mradi wenyewe utakavyotunzwa. Hema lipo, fulana zipo, mgeni rasmi yupo, hundi ya mfano ipo. Fungu la matengenezo hakuna. Nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Kutii sheria si hisani. Bado naona ripoti zinazojisifu kwamba kampuni "imeamua" kuachana na mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, na Kenya walitangulia Agosti 2017. Mteja anajua, kwani naye alilazimika kutafuta kikapu. Mlioko migodini ndiyo kabisa: tangu marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, mpango wa CSR wa kila mwaka ni takwa la kisheria na lazima mkubaliane na halmashauri. Uite zawadi mbele ya wananchi uone diwani atakavyokusahihisha hadharani, tena kwa haki. Ile piramidi ya majukumu ya kampuni, ya msomi Archie Carroll ya 1991, mmeisoma wote: chini faida, halafu sheria, halafu maadili, hisani kileleni. Mkifika kazini mnaanza kujenga kutoka kileleni!

2. Baya hukumbukwa kuliko jema. Watafiti Sen na Bhattacharya walilionesha hili mwaka 2001: habari mbaya za kampuni humchukiza kila mteja, ila habari njema humvuta hasa yule anayelijali jambo lenyewe. Ukigawa taulo za kike, mzazi mwenye binti shuleni ataguswa, wakati kijana anayetafuta bei nafuu atapita zake. Ukiharibu, wote wawili wanakuhama.

3. Kisima. Hapa naomba mnivumilie.

Kampuni moja niliyoitumikia, ya sabuni, ilichimba kisima kwenye kijiji kilichokuwa soko letu zuri. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alifungua bomba, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, picha zikatoka magazetini. Idara nzima ilirudi mjini ikiimba. Hakuna aliyeuliza nani atanunua dizeli ya jenereta. Kamati ya maji ilikuwa imeundwa jana yake tu, ili awepo mtu wa kupokea ufunguo mbele ya kamera. RUWASA wa wilaya, wakala wa maji vijijini, walialikwa kuketi jukwaani, hawakushirikishwa tulipokuwa tunachagua pampu.

Pampu ikafa. Kijijini hakuna aliyekuwa na namba ya kumpigia, na sisi hatukuwa na ratiba ya kurudi. Tenki likabaki juu ya mnara wake, lita 5,000, limepakwa rangi zetu, nembo kila upande, kwenye njia ya kwenda gulioni. Tangazo kubwa kuliko yote tuliyowahi kulipia, na akina mama wanapita chini yake na ndoo kichwani kwenda mtoni.

Habari tuliipata kwa afisa mauzo aliyerudi na katoni zake. Mwenye duka alikuwa amemwambia, "Kaka, chukua tu, watu wanasema siku hizi haitoi povu." Sabuni ilikuwa ileile, kiwanda kilekile, mchanganyiko uleule. Watu walikuwa wamekasirishwa na kisima, hasira ikahamia kwenye povu. Watafiti Brown na Dacin waliwahi kuonesha mwaka 1997 kwamba anachojua mteja kuhusu mwenendo wa kampuni huingia kwenye hukumu yake juu ya bidhaa, ila kuisoma ni tofauti na kuisikia dukani. Linaniuma mpaka leo, maana wale akina mama walitushangilia kwa moyo wote. Baadaye ilifungwa pampu ya sola, kijiji kikachagua mhudumu anayelipwa kwa makusanyo ya ndoo. Maji yalirudi mapema. Wateja walichelewa sana.

4. Shikeni jambo moja, mlirudie. Wings to Fly, ufadhili wa masomo wa benki ya Equity kule Kenya, inasomesha watoto wenye uwezo wa darasani wasio na ada tangu 2010, na watu wanaifahamu kwa sababu haibadiliki kila bajeti.

5. Anzeni na wafanyakazi. Mlinzi wa getini asiyelipwa saa za ziada anaongea na mtaa mzima kila jioni.

6. Hojaji. Mkiuliza, "Je, unapendelea kampuni zinazojali jamii?" kila mtu atajibu ndiyo, na mtaleta ripoti nzuri isiyouza hata mche mmoja. Muulizeni ana sabuni gani nyumbani sasa hivi, kabla ya hiyo alinunua ipi, na kwa nini alibadili. Swali la CSR liwe la mwisho, mkishaandika hayo majibu.