Kuzima swichi ya tangi la samaki si kuondoa umeme majini

Swali: Nina tangi la samaki la lita 200 sebuleni, ambamo ninafuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Vifaa vyake ni hita ya wati 200, chujio la nje, pampu ya hewa na taa. Fundi amenishauri ninunue ekstensheni yenye swichi sita na kuifunga ndani ya kabati lililo chini ya tangi, ili kila kifaa kiwe na swichi yake na niweze kuzima ninachotaka kabla ya kuingiza mkono majini. Je, swichi hizo nizipange vipi, na ekstensheni moja itahimili mzigo wote? – Msomaji, Arusha.

Jibu: Ndugu msomaji, mzigo usikusumbue. Vifaa vyako vyote kwa pamoja havifiki wati 300, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni ampia moja na ushee tu. Kinachonitia wasiwasi ni hayo maneno ya kuzima swichi kabla ya kuingiza mkono majini, kwa sababu nayasikia karibu katika kila nyumba yenye tangi ninayoitwa, na mara nyingi mwenye nyumba ameyapata kwa mtu anayejiita fundi.

Swichi ya kawaida hukata waya mmoja tu kati ya miwili inayopeleka umeme kwenye kifaa. Soketi ikiwa imefungwa sawasawa, waya unaokatwa ni ule wa moto, unaoleta umeme. Lakini mara nyingi nafungua soketi za ukutani na kukuta waya wa moto na wa nyutro, ule unaorudisha umeme, vimebadilishana nafasi, na katika ekstensheni za bei ya chini kosa hilo huja nazo kutoka kiwandani. Kosa hili halijionyeshi, kwa kuwa taa itawaka na pampu itazunguka kama kawaida, hivyo hukaa miaka bila mtu kulishuku. Katika hali hiyo swichi inakata nyutro: hita inaacha kupasha, taa yake ndogo inazimika, nawe unaamini kwamba hakuna umeme, ilhali waya wa moto bado umefika hadi ndani ya kile kioo kilichozama. Kioo kikiwa na ufa, ambao mara nyingi hauonekani kwa macho, maji yameshika umeme, na mkono wako ndio unaoupa njia ya kwenda ardhini. Kwa hiyo kabla ya kuingiza mkono chomoa plagi, na uione kwa macho yako ikiwa nje ya soketi.

Kuna wanaonijibu kwamba hata hilo likitokea breka itakata, au fyuzi ya plagi itaungua. Jibu hili linanichosha, kwa sababu linarudiwa na watu wanaolipwa ili wajue zaidi. Fyuzi ya ampia 13 hupitisha miliampia 13,000 bila kuungua, wakati mkondo usiofika miliampia 100 ukipita kifuani unaweza kusimamisha moyo. Breka na fyuzi huzuia nyaya zisipate moto, lakini mtu anayepigwa na umeme havimtambui. Kifaa kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampia 30, ambayo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na ikiona upungufu hukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tangi lisilo na RCD halina ulinzi wa maana, hata likiwa na swichi kumi.

Kwa tangi lako ningeweka RCD mbili: chujio na pampu ya hewa katika moja, hita na taa katika nyingine. Hita ndiyo inayoongoza kwa kuvujisha umeme, na ikiwa iko kwenye RCD moja na chujio, RCD hiyo itakapokata chujio nalo litasimama, na baada ya saa kadhaa bakteria wanaosafisha maji wataanza kufa kwa kukosa oksijeni, kisha samaki watafuata. Chagua pia RCD inayobaki imewashwa umeme wa TANESCO unapokatika na kurudi, kwa sababu zipo zile za kuchomeka ambazo hujizima zenyewe kila umeme unapokatika na kusubiri mtu aziwashe kwa mkono. Ukiwa safarini utarudi na kukuta tangi zima limekufa. Bonyeza kitufe chake cha kujaribia kila mwezi.

Mpangilio wenyewe sasa ni mwepesi. Soketi zisikae chini ya tangi hata kidogo, bali ubavuni, ukutani, juu ya usawa wa maji, na kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuingia ndani yake, ili tone linalofuata waya lidondoke pale chini badala ya kuingia kwenye plagi. Pampu ya hewa nayo iwe juu ya usawa wa maji, au mrija wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, kwani umeme ukikatika maji hushuka kwa mrija huo hadi ndani ya pampu. Swichi ya hita iwe peke yake na iandikwe jina; izime dakika 15 hadi 20 kabla ya kupunguza maji, ipoe, kwa sababu kioo cha moto kikibaki hewani hupasuka. Swichi ya chujio ifunikwe, mtoto asiifikie. Kwenye plagi zote weka fyuzi za ampia 3.

Sasa niseme jambo linalozidi tangi lako. Soketi inapokosa ardhi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, wapo wanaochukua kipande cha waya na kuunganisha ardhi na nyutro ndani ya soketi, kisha wanakuonyesha kwamba testa inasoma vizuri na kudai malipo. Siku nyutro ya nyumba ikilegea, kila chombo chenye bodi ya chuma kilichochomekwa hapo kitakuwa na volti 230 juu yake, na RCD inaweza isione lolote kwa sababu mkondo unaovujia kwenye bodi unarudi kwa nyutro ileile. Wengine hufungua soketi ya pini tatu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, ikakaa kwa kulegea, ikapata joto, tena bila fyuzi wala ardhi. Kwa uzito huohuo nasema dhidi ya waya wa shaba unaotumbukizwa majini na kuchomekwa kwenye udongo wa bustani, ambao sasa unauzwa kama tiba ya samaki wanaojikunakuna. Kabla ya kumlipa yeyote, mwombe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mwambie apime ardhi kwa mita mbele yako, afungue soketi moja uone kama waya wa moto uko upande wake, kisha abonyeze kitufe cha RCD huku chujio likifanya kazi. Akisema vipimo hivyo havina haja, mtafute mwingine.