Mshiko wa Tairi Kwanza: Maswali ya Wanawake Waendesha Baiskeli

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, mkaazi wa Wete, na nimezoea kupanda baiskeli kwenye lami tangu nikiwa skuli. Wenzangu wamenishawishi nishiriki mashindano ya wanawake yatakayopita barabara za udongo za vilima vya huku kwetu Pemba, lakini tangu nianze mazoezi huko naona kama sijawahi kupanda baiskeli. Nikisimama juu ya pedali ili nipande kilima, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Nikiteremka nabana breki mpaka vidole vinauma, na wenzangu wote wananipita. Je, niazime baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba? Na mtandio wangu niufungeje chini ya helmeti?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Baiskeli ya tairi nyembamba usiiazime. Tairi ya milimita 25 iliyojazwa upepo mwingi hurukaruka juu ya mizizi na kokoto, na kila inaporuka haigusi ardhi, na isipogusa ardhi haisukumi wala haisimami. Tafuta tairi yenye upana wa milimita 35 hadi 40 na yenye meno kiasi, kisha punguza upepo. Kwa mwanamke mwenye kilo kama 55 anayetumia tyubu, paundi 35 hadi 40 kwa inchi ya mraba ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukizidi kupunguza, tyubu itabanwa baina ya jiwe na rimu, na utaijua pancha hiyo kwa matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba; ukiyaona hayo, ongeza upepo kidogo baada ya kutia viraka.

Kutokana na maelezo yako, miguu yako ina nguvu ya kutosha. Unachopoteza ni mshiko. Unaposimama juu ya pedali, uzito wako unahamia mbele, tairi ya nyuma inabaki nyepesi, na nguvu inaifikia kwa vishindo; lami huvumilia vishindo hivyo, lakini udongo uliolegea hauvumilii. Kwa hiyo panda umekaa. Sogea kwenye ncha ya kiti, kunja viwiko, shusha kifua karibu na usukani ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, na zungusha pedali kwa mwendo mmoja, kama mizunguko 70 kwa dakika ukiweza. Giya nyepesi iweke kabla ya kuanza kupanda, wakati mnyororo bado haujabeba mzigo, kwa sababu anayebadilisha giya katikati ya kilima mara nyingi husikia mlio wa chuma, mnyororo ukatoka, naye akajikuta yuko chini anaisukuma baiskeli mwinukoni kwa miguu.

Vilima vyetu vina tabia yao, na nakuomba uizingatie kuliko jambo jingine lolote. Hakuna kilima cha Pemba kinachofika hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hutakutana na mpando wa nusu saa. Utakutana na mipando mifupi mikali, mmoja baada ya mwingine, na baina yake mabonde yenye majimaji na mashamba ya mpunga. Mbio za namna hiyo huwachosha wanaopanda kila kilima kana kwamba ndicho cha mwisho. Panda ukiwa umebakisha pumzi kidogo, halafu itumie pale kileleni, mahali ambapo karibu kila mtu hulegeza miguu ili apumue. Ukiendelea kusukuma mita 30 baada ya kilele, utaanza kuteremka ukiwa na kasi ambayo wenzako watalazimika kuitafuta kwa jasho.

Hakikisha pia uko mbele kabla ya njia kuwa nyembamba. Katika Strade Bianche ya wanawake, ambayo tangu 2015 hupita barabara za changarawe nyeupe za vilima vya Toscana nchini Italia na kumalizikia Siena, timu hugombea nafasi kabla ya kila kipande cha changarawe, kwani mmoja akiteleza mbele yako huna pa kumpitia. Huku kwetu, magari ya ng'ombe na mvua huacha makorongo mawili na tuta katikati. Chagua mstari wako mapema na usihame korongo kwa ghafla.

Katika kuteremka, punguza mwendo kabla ya kona, huku baiskeli ikiwa imesimama wima. Tumia breki zote mbili, kwa kuminya na kuachia. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ndani ya kona kwenye udongo gurudumu litakukimbia na utaanguka kabla hujajua kilichotokea. Nyanyua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, yarudishe nyuma, uweke mguu wa upande wa nje wa kona chini, na utazame unakokwenda. Jihadhari hasa na vivuli vya mikarafuu asubuhi: penye jua udongo umekauka, penye kivuli bado una umande na unateleza. Wakati wa masika mimi nisingemruhusu mwanafunzi wangu ateremke huko kwa kasi hata kidogo.

Mtandio si kizuizi. Masomah Ali Zada, mwanamke wa Kiafghani aliyeshindana kwa baiskeli katika timu ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alivaa mtandio wake chini ya helmeti. Chagua kitambaa chepesi kinachobana, kisicho na pini wala fundo nyuma ya kichwa, na uchomeke ncha zake ndani ya nguo. Pima helmeti ukiwa umevaa mtandio huohuo. Ukingo wake ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Suruali iwe pana utakavyo, ila ifunge vizuri kwenye kifundo cha mguu wa kulia, kwani upande huo ndiko uliko mnyororo.

Mwisho, msiwaogope wanaosifiwa. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanawake, ambazo zilikuwa za lami na mawe ya kupangwa, zilichukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtarajia: wakubwa walibaki wakiviziana, yeye akatangulia na kundi dogo na kuwashinda wenzake kwenye mpando wa mwisho. Kundi la namna hiyo likichomoka mbele yako na wewe bado una pumzi, ondoka nalo.

SWALI: Nina baiskeli ya kaka yangu, naiona kubwa. Je, naweza kushindana nayo? Msomaji, Mkoani.

JIBU: Keti juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kiko sawa. Kisha simama ukiupitisha mwamba, yaani bomba la juu la fremu, baina ya miguu. Ukikugusa huku nyayo zote ziko chini, baiskeli hiyo ni kubwa mno kwa njia ya makorongo, na ni bora uazime nyingine.