Berlin au Dubai kwa watoto wa miaka 2 na 4

Mkuu, umeuliza kati ya Berlin na Dubai wapi ni nafuu kusomesha watoto wa miaka 2 na 4. Kwa upande wa ada ni Berlin, wala hazikaribiani. Tangu Agosti 2018 chekechea za hapa Berlin, wenyewe wanaziita Kita, hazina ada. Unachangia chakula tu, euro 23 kwa mwezi kwa kila mtoto. Akifika umri wa shule, ya serikali nayo ni bure. Dubai shule za serikali zipo kwa ajili ya raia wao hasa, wageni wengi wanasomesha za binafsi, na kama mwajiri hajaandika ada kwenye mkataba, ule mshahara mnono unaishia hukohuko.

Wangu wawili wamepita Kita za hapa. Kila mtoto ana ndoano yake ukutani, na juu yake inaning'inia suruali ya mpira ya kuchezea matope. Mvua, baridi, wanatolewa nje. Mama alivyoona picha aliuliza watoto wamefanya kosa gani.

Ila bure haimaanishi nafasi ipo. Omba mapema Kita-Gutschein, yaani hati ya kumruhusu mtoto kupata nafasi ya Kita, kwenye Jugendamt (ofisi ya watoto na vijana) ya wilaya yako, halafu uzunguke mwenyewe Kita moja baada ya nyingine. Kuna watu wamesubiri miezi mingi na hati iko mfukoni. Na usiipigie hesabu Ujerumani nzima kwa bei ya Berlin, kila jimbo lina utaratibu wake na kwingine wazazi bado wanalipa.