Mwenye lupasi haongezewi kinga!

Mkuu, huo unga wa "kupandisha kinga" usimpe mdogo wako! Umeuliza seli za kinga zinajuaje hiki chetu na hiki kigeni, halafu mwishoni ukachomekea kwamba mdogo wako mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, anataka kuacha prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, aanze "dawa ya kupandisha kinga". Hapo mwishoni ndipo penye hatari.

Seli T, aina ya seli za kinga, hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Humo huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, hata za kongosho, kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE. Seli inayozishambulia huuawa humo humo. Chache hupenya, ndiyo maana kuna seli T nyingine za kuzituliza. Mwanasayansi Shimon Sakaguchi alizieleza hizo za kutuliza mwaka 1995, na 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Nobel. Kwenye lupasi udhibiti huo unalegea, mwili unatengeneza kingamwili (protini za kupambana na wavamizi) dhidi ya DNA yake, zinanasa kwenye figo na kuziumiza.

Sasa kinga inayokula figo unaiongezea nguvu ya nini?

Dada yangu aliambiwa hivyo hivyo na muuza dawa mmoja mwenye koti jeupe: "Kinga yako imeshuka, vidonge vya hospitali vinakumaliza." Akaacha prednisoloni siku hiyo hiyo. Ukizinywa muda mrefu, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha. Ukikata ghafla, presha inaporomoka, unatapika, unazimia. Tulimfikisha hospitali hajitambui, na lupasi nayo imelipuka: miguu imevimba, mkojo umejaa povu. Figo zake hazijarudi kama zamani. Tulipompigia yule mtu akajibu, "Hiyo ni sumu inatoka." Sumu! Ile ilikuwa protini ya damu ikivuja kwenye figo zilizojeruhiwa, naye bado anauza.

Prednisoloni haikatwi. Inapunguzwa kidogo kidogo na daktari anayemfuatilia kwa vipimo, basi. Kama kinachomkera ni uso kuvimba, amwambie daktari. Hupungua dozi ikishuka. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupasi, kama anaitumia, nayo asiiache mwenyewe.

Hukusema kama ameshaacha au bado. Kama ameshaacha, usingoje majibu ya hapa, mpeleke hospitali leo, na ubebe pakiti za dawa zake zote pamoja na huo unga wauone.