Mradi wa Maven wenye moduli nyingi: jenga ukiwa kwenye mzizi

Mradi ninaoshughulika nao kazini, unaojengwa kwa Maven (zana ya kujenga programu za Java), una moduli tatu: `msingi`, `huduma` na `web`. `web` inaitegemea `huduma`, nayo `huduma` inaitegemea `msingi`. Kila mgeni kwenye timu namwomba jambo moja: usiingie ndani ya folda ya `web` ukaendesha `mvn test` humo.

Ukiwa humo, Maven haijui kama `huduma` iko folda ya jirani. Inakwenda kuchukua jar yake (faili la msimbo uliokwisha kujengwa) kwenye `~/.m2/repository`, ghala la Maven kwenye mashine yako, hata kama iliwekwa wiki iliyopita. Umeongeza mbinu (method) mpya kwenye `huduma`, IDE (programu unayoandikia msimbo) haina malalamiko, lakini Maven inakwambia `cannot find symbol`. Hiyo ni afadhali. Balaa ni pale mbinu ilikuwepo, wewe umebadilisha tu inavyofanya kazi: majaribio yanapita yote, kumbe yamepima msimbo wa zamani.

Baki kwenye mzizi wa mradi (folda ya juu yenye moduli zote), uandike:

`mvn -pl web -am verify`

`-pl` inachagua moduli, `-am` inaongeza zile inazozitegemea. Mpangilio wa nani aanze Maven inaupata yenyewe kutoka kwenye vitegemezi, kwa hiyo usipoteze muda kupangapanga `<modules>`. Ukigusa `msingi`, geuza: `mvn -pl msingi -amd verify` (`-amd` inaongeza zile zinazoitegemea), uone umevunja nini huko juu.

Kuna kero moja. Ukitaka jaribio moja tu, mfano `-Dtest=AnkaraTest`, pamoja na `-am`, ujenzi utakwamia `msingi` kwa kuwa humo hakuna jaribio la jina hilo. Kwa Surefire 3 (programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio) ongeza `-Dsurefire.failIfNoSpecifiedTests=false`. Refu, najua, mimi nimeitengenezea alias (jina fupi la amri).

Na kwa nini `verify`, si `install`? Kwa sababu `install` ndiyo inayojaza zile jar kwenye `~/.m2`. Mazoea ya kuiendesha kila saa yanaficha tatizo kwenye mashine yako, halafu linaibuka kwa mwenzako.

Matoleo ya maktaba weka kwenye `dependencyManagement` ya pom mzazi (faili la mipangilio ambalo moduli zote zinalirithi), basi.

Moduli mbili zikitegemeana, Maven inagoma kabisa na kutaja `cyclic reference`. Hapo hakuna swichi ya kukuokoa. Tafuta madarasa ambayo pande zote mbili zinayahitaji, mara nyingi ni interfesi chache tu, uyahamishie kwenye moduli ya tatu isiyomtegemea yeyote kati yao.