Kifungo Ambacho Kemikali Haikifungui

SWALI: Mhariri, tumefundishwa kwamba vifungo vya salfa huimarisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Kwa nini basi watafiti wahangaike kuingiza asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zisizo za kawaida ili vimeng'enya vistahimili kemikali kali? Je, zile 20 za kawaida hazitoshi?

JIBU: Ndugu msomaji, mlivyofundishwa ni sahihi, ila kifungo hicho kina udhaifu unaojitokeza pale hasa kinapohitajika. Kimeng'enya hufanya kazi kwa sababu mnyororo wake wa asidi amino umejikunja katika umbo mahsusi. Urea nyingi, au kiyeyushi kama asetoni, hulegeza mivutano hafifu inayoshikilia umbo hilo, na mnyororo ukikunjuka kazi nayo hukoma. Sisteini mbili, yaani asidi amino zenye salfa, zikiunganisha salfa zao, kukunjuka huwa kugumu. Hata hivyo, kemikali zinazotoa elektroni, ikiwemo glutathioni iliyomo ndani ya seli yenyewe, hukata muungano huo wa salfa kwa salfa.

Mwaka 2001 kundi la Peter Schultz nchini Marekani lilionyesha kwamba bakteria Escherichia coli anaweza kuisoma kodoni (neno la herufi tatu katika maagizo ya jeni) iitwayo UAG, ambayo kwa kawaida husimamisha ujenzi wa protini, kama agizo la kuweka asidi amino ya ziada. Kwa njia hiyo huwekwa, kwa mfano, tairosini, mojawapo ya zile 20, iliyoongezewa mkono wenye bromini. Mkono huo ukiikaribia sisteini, bromini huondoka na salfa hushikana na kaboni, kifungo ambacho glutathioni haikikati. Tena mkono huo ni mrefu, kwa hiyo hufika mahali ambapo sisteini mbili zisingekutana. Katika kimeng'enya kimoja cha bakteria huyo, asidi amino ngeni moja tu, iliyojifunga na sehemu nyingine ya protini, ilipandisha joto la kukunjuka kwa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi. Kwangu hilo ni jambo la kustaajabisha, kwani badiliko moja la kawaida mara nyingi huongeza nyuzi chache tu.

Mahali pa kifungo, hata hivyo, pana uzito kuliko uimara wake, kwa kuwa kimeng'enya huhitaji kunyumbuka kidogo ili kifanye kazi, na kikikazwa karibu na kitovu chake cha utendaji kitabaki na umbo zuri lisilozalisha kitu. Mavuno ya protini nayo hupungua, maana baadhi ya minyororo bado hukatizwa kwenye UAG. Ndiyo sababu mwaka 2013 watafiti walibadilisha UAG zote 321 zinazojulikana katika jenomu (jumla ya maagizo ya kurithi) ya bakteria huyo, wakaondoa na protini inayoitambua kodoni hiyo kuwa mwisho.