Mnyororo wa jQuery unakatika baada ya kuita plagini yako

Ndugu, umeuliza kwa nini mnyororo wa jQuery (maktaba ya JavaScript), yaani methodi zinazoitwa moja baada ya nyingine kama `$('p').angaza().addClass('wazi')`, ambamo `angaza` ni plagini (nyongeza) uliyoiandika, unaleta kosa la "Cannot read properties of undefined". Fanksheni yako hairudishi kitu, na JavaScript ikikosa `return` inarudisha `undefined`. Hapo `addClass` haina pa kushika.

Andika hivi:

```
$.fn.angaza = function (rangi) {
  return this.each(function () {
    $(this).css('background', rangi || 'yellow');
  });
};
```

Angalia `this` mbili hizo. Ya nje tayari ni obijekti ya jQuery, usiifunge tena kwa `$()`. Ya ndani ya `each` (inayopitia elementi moja moja) ni elementi tupu ya DOM (muundo wa ukurasa ndani ya kivinjari), ndiyo maana inafungwa. Ukitumia fanksheni ya mshale (`=>`) kwenye `$.fn` (mahali methodi za jQuery zinapowekwa), `this` haitakuwa obijekti ya jQuery kabisa, na hili linawasumbua wengi. Pia `return false` ndani ya `each` inasimamisha mzunguko mzima, elementi zilizobaki haziguswi.

Si kila kitu kirudishe `this`. Methodi ya kusoma thamani irudishe thamani ya elementi ya kwanza, kama `.val()` inavyofanya, na uieleze wazi kwenye maelezo ya matumizi.

Plagini ikichagua elementi nyingine, rudisha `this.pushStack(elementi)`. Mtumiaji ataweza kurudi kwenye seti ya awali kwa `.end()`. Ukirudisha `$(elementi)`, njia hiyo inapotea.